Kutembea Reli ya Ireland kwenye Korido ya Thornton Heath

Wanangu, Jumamosi ile mlipotuita wazee kwenye ukumbi wa Woolwich tuje kuwaeleza kazi tulizofanya, nusu ya muda wangu ilikwenda kwenye kutafuta waya wa kipaza sauti. Nusu iliyobaki ikakatwa na biriani, na mimi si mtu wa kushindana na biriani. Ndiyo maana naandika. Ninyi mnaosikia Kiswahili mkajibu kwa Kiingereza, someni tu, majibu nitayapokea kwa lugha yoyote.

Nilikuwa mtu wa reli. Si dereva, na naomba msiende kuambizana kwamba babu yule alikuwa dereva wa treni, maana nimeshasikia hayo msikitini. Nilikuwa wa genge la njia, kikosi cha kutunza reli, wale wa makoti ya rangi ya chungwa mnaowaona dirishani wamesimama kando treni ikipita, mkasema hawa nao wanalipwa kwa kusimama. Ndiyo, tulilipwa kwa kusimama. Asiyejua kusimama kando kwa wakati wake hakuzeeka kwenye kazi ile.

Sasa chekeni: mimi ni Mpemba. Pemba hakuna reli hata ya kuchezea watoto. Reli ya kwanza kuiona kwa macho yangu ilikuwa ya London, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimepewa honi na bendera niilinde. Aliyenifundisha alikuwa Mwairishi mmoja aitwaye Fintan, mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ambayo nadhani alizaliwa nayo. Wenzake walimwita jina lake kavukavu. Mimi nilimwita Mzee Fintan ingawa hakuwa na miaka arobaini, kwa sababu alikuwa mkubwa kwangu na ndiye aliyenifundisha kazi.

Heshima hiyo nusura imuue. Kazi yetu ilikuwa kukagua kipande cha njia kwa miguu, yeye akiangalia reli, mimi nikiangalia treni. Yeye ameinama, kichwa chini, masikio yamezibwa na kelele za mji. Mimi nikiona treni, sheria inasema nipige honi, na asiposikia nimshike bega nimvute. Lakini kwetu mtu mzima hapigiwi honi wala hashikwi bega na mtoto wa juzi. Basi treni ya kwanza ilipotokea nilimwendea taratibu, nikasimama pembeni yake kwa adabu, nikasema, "Samahani, Mzee Fintan, hujambo, kuna treni inakuja." Aliinua kichwa, akanirukia, akaniangusha kwenye majani, na treni ikapita ikipiga king'ora kirefu cha hasira. Akaokota kofia yake, akaipangusa.

"Kijana," akasema, "siku nyingine salamu hiyo utaimalizia kaburini kwangu. Honi hiyo umepewa ya nini?"

"Nitakupigiaje honi na wewe ni mtu mzima?"

"Nyumbani kwenu mna mbuzi?"

"Tunao."

"Akisimama barabarani unamwambia samahani? Nipigie kama unavyompigia mbuzi."

Tukakubaliana hivyo. Miaka yote tuliyofanya kazi, juu ya kokoto alikuwa mbuzi wangu, na kwenye kibanda cha chai alikuwa mzee wangu.

Niwape na ujuzi kidogo, msije mkasema mzee amepiga soga tu. Reli za zamani zilikaa kwenye viti vya chuma vilivyofungwa juu ya mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, na kilichozishika ni kabari ya mti iliyopigwa kwa nyundo. Kiangazi kikikaza, mti hunywea, kabari hulegea, na treni nyingi zikipita, kabari hiyo huanguka. Ukitembea unagonga. Kabari iliyoshika inajibu sauti moja fupi. Iliyolegea inajibu mara mbili, kama mlango wa kabati bovu. Usiangalie miguu yako, utaanguka. Hesabu pumzi, miguu itayajua mataruma yenyewe. Na reli ya tatu, ile ya umeme, usiikanyage hata ukiambiwa imezimwa, hata ukiambiwa na mimi. Siku hizi treni moja yenye kamera inapita na kuona kuliko tulivyoona sisi wote. Siwaambii zamani ilikuwa bora, zamani ilikuwa baridi.

Tulikuwa wawili tu kutwa nzima, na Fintan alikuwa mtu wa maneno machache mpaka tuanze kutembea. Akishapata mwendo, alisimulia. Hakusimulia habari za wanawake wala mpira, alisimulia reli. Si ile tuliyoikanyaga, bali ya kwao, magharibi ya Ireland, reli nyembamba iliyojengwa karne ya kumi na tisa, enzi za babu yake. Alisema wenye fedha hawakutaka kutia fedha zao hivi hivi, wakataka wenyeji wadhamini. Basi mkulima mwenye ng'ombe wake wawili akajikuta analipa kodi ili mwenye hisa aliyekaa mjini asikose faida yake, reli ipate au isipate. Babu yake alilipa na kulaani, kisha akaenda kuomba kazi ya kutandika mataruma kwenye reli hiyo hiyo. Njia yenyewe ilipinda kama utumbo, kwa sababu kila bwana mkubwa alitaka ipite karibu na soko lake lakini mbali na dirisha lake.

Ilibeba ng'ombe, siagi, nguruwe, na udongo mweusi wa kinamasi ambao kule huukausha wakachoma kama makaa. Lakini mzigo wake mkubwa, alisema Fintan, ulikuwa vijana. Kila wiki walipanda na masanduku yao mpaka kwenye stesheni ya makutano, na hapo treni kubwa iliwachukua kwenda bandarini, na bandarini Uingereza au Marekani.

Mama yake alikuwa mlinzi wa geti, pale reli ilipokata barabara. Ilikuwa kazi ya wanawake. Mume anafanya kazi njiani, mke analinda geti, na nyumba ya geti ndiyo mshahara wake. Treni ikija anafungia barabara, anasimama na bendera ya kijani mpaka behewa la mwisho lipite. Sheria ilikuwa hivyo, asiondoke, asikimbie, asiteremshe bendera. Na kwa bendera hiyo aliwapitisha watoto wake mmoja mmoja. Fintan alikuwa wa mwisho. Alichungulia dirishani akamwona amesimama wima kama askari, mkono juu, na hakuweza kumpungia kwa sababu mkono ulikuwa na bendera. Muda si mrefu reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa vikauzwa. Mama akafa Fintan akiwa kazini London. Hakurudi tena.

Mimi pia mama yangu alifariki nikiwa hapa. Kwetu maiti hailali, na hakuna ndege inayoweza kuwahi. Nilipata habari ameshazikwa. Siku hiyo tulitembea kipande kizima Fintan hakusimulia kitu, na alipofika mwisho alinipa nyundo yake nigonge mimi. Sijawahi kupewa rambirambi nzuri kuliko ile.

Kwa hiyo reli yake naijua. Naanzia getini kwa mama, kinamasi kiko kushoto, kiwanda cha maziwa, daraja la mawe lenye matao matatu, kanisa lisilo na paa, ziwa, kilima ambapo abiria waliteremka wakasukuma, kisha makutano. Sijawahi kukanyaga Ireland, lakini mkinifumba macho nitawatembeza.

Sasa mambo ya leo. Mke wangu Maryam ametangulia, Mungu amrehemu. Binti yangu Salma yuko Leicester na watoto wake, na ananipigia simu kila Ijumaa baada ya swala, mtoto mwema. Siku nyingine sita simu yangu ni ya kuangalia saa. Wenzangu wa genge wamekufa au wamehamia kwenye jua. Aliyebaki ni Fintan. Hakuoa, hana mtoto, na akili yake imeanza kupungua. Yuko kwenye nyumba ya wazee Thornton Heath, karibu na mimi kiasi cha kwenda kwa miguu siku goti likiwa na huruma. Nilianza kwenda kila Alhamisi, kisha na Jumanne, kisha nikaacha kujidanganya nikawa naenda kila siku.

Tabu yake ilikuwa mlango. Mchana ukishapita alikaza kofia kichwani, akaenda mlango wa mbele, akavuta kitasa. Ukimrudisha kwenye kiti, anasimama tena. Alipiga ngumi, alilia. Alikuwepo msichana mmoja wa kazi, Akinyi, mtoto wa Kisumu, ndiye aliyenipa habari siku moja hata kabla sijavua koti.

"Mzee, huyu rafiki yako ametushinda leo. Ako tu kwa mlango tangu lunch. Anasema kuna kitu hajatembea."

"Kipande," nikamwambia. "Hajakagua kipande chake."

"Sasa manager anasema akitoka tena nje atapelekwa ile ingine, ya milango ya kufungwa. Huko Margate."

Margate ni baharini, mwisho wa treni. Kwa miguu yangu ni sawa na kuambiwa yuko mwezini. Nilimpigia Salma usiku ule nikitaka aniandikie barua ya kuwakataza, maana Kiingereza chake kina meno.

"Baba, you're not his family," akasema kwa upole. "Si wewe next of kin. Watakusikiliza, watasema thank you, basi."

"Hana mwingine."

"Najua, Baba. Na wewe je? Come and live with us."

Nikamwambia tutazungumza. Wanangu, nitasema wazi: niliogopa. Sikuogopa kwa ajili ya Fintan peke yake. Nilijiona mimi Alhamisi, na Jumanne, na siku zote, nimevaa koti na sina pa kwenda.

Kesho yake nilimkuta mlangoni. Sikumvuta. Nilisimama pembeni yake kama zamani nikasema, "Mzee Fintan, twende tukakague. Tunaanzia getini kwa mama." Akaachia kitasa papo hapo. Nikamgeuza kwenye korido, ambayo ni ndefu, ina zulia la kahawia, inapinda mara moja karibu na chumba cha kulia chakula na kuishia kwenye chumba cha kufulia. Nikaanza. Kinamasi, kiwanda cha maziwa, daraja. Alitembea kichwa chini, na kila baada ya hatua chache aligonga ukuta kwa ncha ya kidole, akasikiliza. Tulikwenda na kurudi kwenye korido mpaka njia ikatosha, maana korido ilikuwa fupi na Ireland ndefu. Tulipofika makutano nilimkalisha kwenye kiti karibu na mashine za kufulia, akatulia. Akinyi aliniangalia kama nimesoma uganga.

Tukafanya hivyo majuma mengi. Wazee wengine walizoea. Bibi mmoja akituona alivuta miguu yake chini ya kiti ili treni ipite.

Lakini sikuweza kumponya. Makutanoni alitulia kidogo tu. Jioni, nikishaondoka, alianza kupapasa mifuko akitafuta tiketi. Kisha siku moja mtu wa kuleta mizigo aliacha mlango wazi, Fintan akatoka, wakamkuta kwenye uzio wa reli, vidole vimeshika waya. Hakuumia. Meneja, mwanamke mwungwana lakini aliyechoka, aliniita ofisini akaniambia gari la Margate litakuja wiki inayofuata. Nilimwomba. Akasema anaelewa, na kweli macho yake yalionyesha anaelewa, na uamuzi wa gari ukabaki palepale.

Siku iliyofuata nilimtembeza nikiwa sina nguvu. Nilisoma vituo kama mtoto wa chuo cha Kurani asiyetaka kuchapwa. Tukafika makutano, nikamvutia kiti. Hakukaa. Alisimama mbele ya mashine ya kufulia iliyokuwa inazungusha mashuka, akaitazama muda mrefu. Kisha akageuka akasema, "Haya. Turudi."

Nikakiachia kiti.

Mkaguzi yeyote wa njia atawaambia kwamba kipande kina njia mbili. Ile ya kwenda na ile ya kurudi ni reli moja, lakini si njia moja. Ukirudi, ishara zote zimekupa mgongo, kona iliyokuwa kulia iko kushoto, na ufa uliofichwa na kivuli asubuhi uko wazi. Ndiyo maana mgeni wa kazi anafundishwa kote kuwili kabla hajaachiwa. Fintan mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba reli ya kwao, miaka yote ile, alinisimulia upande mmoja tu. Kila mara tuliondoka getini. Hatukurudi hata siku moja. Sikujua baada ya makutano kinatangulia nini, kilima kinakujaje ukitokea huku, wala ziwa lina rangi gani ukiwa unaelekea nyumbani.

"Mzee Fintan," nikasema, "huku sikujui."

Akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya treni. "Basi nifuate. Angalia treni."

Nikamfuata. Aliongoza yeye, mtu ambaye asubuhi hakujua amekunywa chai. Alitaja vitu nisivyopata kuvisikia. Kuna kisima nyuma ya kilima, cha kunywesha injini, hakionekani ukienda, unakiona ukirudi. Kuna mwanamke anayeanika nguo ziwani, msalimie, ukimpita bila salamu atasema kwa mama. Kanisa lisilo na paa lina mti umeota ndani. Darajani pana upepo, shika kofia. Na akashika kofia yake, wanangu, pale kwenye korido ya zulia penye joto la kuchemsha yai. Mimi nyuma yake nilikuwa nalia, huku naangalia treni, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa niangalie.

Baada ya kinamasi akapunguza mwendo. Tulikuwa tumefika mlango wa chumba chake, nao ulikuwa wazi. Ndani Akinyi alikuwa anatandika kitanda, foronya mkononi. Fintan akasimama kizingitini, akavua kofia. Sikumbuki kama nilipata kumwona akiivua kwa hiari yake.

"Umeniona nikija?" akamuuliza.

Msichana yule hakuwa anajua habari yoyote ya geti wala ya bendera. Sikumsimulia. Alimjibu kama anavyowajibu wazee wote, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. "Nimekuona, darling. Nimekuona tangu mbali."

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha dirishani, akaweka kofia magotini. Uso wake ulilegea, kila kitu kikakaa mahali pake. Mimi nilibaki mlangoni. Baada ya muda akaniona, akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayemtabasamia mpita njia.

"Na wewe, kijana, umeshafika kwenu?"

"Bado, mzee."

"Mbali?"

"Mbali kidogo."

"Basi usichelewe. Giza linaingia."

Nikachukua koti langu.

Gari la Margate halikuja. Fintan hakwenda tena mlangoni, si siku ile wala nyingine, na meneja baada ya kumwangalia siku kadhaa akasema hana sababu ya kumhamisha mtu aliyetulia. Akinyi alinikumbatia, akasema, "Mzee, umeshinda." Kweli nimeshinda, maana yupo pale pale. Naenda, namkuta dirishani, ananikaribisha kama mgeni, ananiambia chai iko tayari na mama yake yuko nje. Nikimwambia twende tukakague, anacheka. Amefika, wa kukagua nini? Miaka yetu yote ya mbuzi na honi imebaki kwangu peke yangu, na utani wa mtu mmoja hauchekeshi.

Juzi nilikuwa nyumbani, Jumatano, simu kimya. Nikasimama kwenye korido yangu, ambayo ni fupi, nikazima redio. Nikasema hebu nijaribu na mimi. Pemba hakuna reli, lakini njia ipo. Nikaanzia bandarini Mkoani, nikapanda kilima, nikapita skuli, nikashika barabara kubwa mpaka Mtambile, nikakata kwenda Kengeja kwetu. Mpaka hapo nilikwenda vizuri, nilisikia hata harufu ya karafuu zilizoanikwa. Nikafika msikitini. Pale barabara inakwisha na vinaanza vijia vya kupita baina ya migomba, viwili, kimoja kinakwenda kwa mama na kimoja kinakwenda kwa watu. Nilivitazama vyote viwili. Sikujua nishike kipi.

Nikampigia Salma, akapokea akiwa kazini, akauliza kama ninaumwa. Nikamuuliza ukitoka msikitini Kengeja, nyumba ya bibi yako iko kulia au kushoto. Akasema, "Baba, sijui. You never told me." Nikamwambia hapana neno, arudi kazini. Nikabaki nimesimama pale koridoni, mkono ukutani, na sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.